Shosho Ni Maktaba, Lakini Lazima Umuulize Maswali

Uliza msee yeyote Nairobi anajua nini kuhusu Wangu wa Makeri. Atakuambia vitu viwili: alikuwa anakalia wanaume migongoni, na siku moja alicheza ngoma uchi. Imeisha hapo. Huyu ni mwanamke aliyekuwa hedimani wa Weithaga, Murang'a, kutoka 1902 hadi 1909, wakati serikali ya mkoloni ilikuwa inapatia wanaume hizo kazi karibu kila mahali. Miaka saba kazini, na kilichobaki midomoni mwetu ni mgongo na uchi.

Leo sitaandika kuhusu Wangu. Nimemtaja kwa sababu kuna profesa wa Nigeria ambaye alifanya kazi yake yote akipambana na shida hii hii. Mwanamke anatawala, anatajirika, wanaume wenye bunduki wanakuja kumkopa, halafu akishakufa hadithi yake inashikwa na watu wengine. Profesa huyo anaitwa Bolanle Awe. Jina lake sikuliskia shule ya msingi, sikuliskia sekondari, na hata kwa ile miaka michache nilikaa chuo kabla karo inishinde, hakuna aliyelitaja. Nililipata nikiwa nyumbani, nikitafuta kitu kingine kabisa.

Wacha nikuambie kwa nini unafaa kumjua.

Awe alizaliwa Januari 1933 huko Ilesa, mji wa Wayoruba kusini-magharibi mwa Nigeria. Alisoma nyumbani, akaenda Uingereza kumalizia sekondari, akapata digrii ya historia St Andrews kule Scotland, halafu akaingia Somerville, ambacho wakati huo kilikuwa chuo cha wanawake ndani ya Oxford. Hapo ndipo alichagua mada ya udaktari wake: vile mji wa Ibadan ulivyopanda kuwa dola kubwa kati ya Wayoruba kwenye karne ya 19.

Hiyo mada ina moto ambao hauonekani kwa haraka. Ibadan ilianza kama kambi ya vita karibu 1829. Watu walikuwa wanakimbia vita kwingine, wakakutana hapo, wakajipanga, na ndani ya miaka michache wakawa ndio wanaopiga miji mingine. Mmoja wa miji waliyoivamia na kuiteka ni Ilesa, mwaka 1870. Baadaye watu wa Ilesa na wa Ekiti waliungana kupigana na Ibadan kwenye vita vya Kiriji, vilivyoanza 1877 na havikuisha kabisa hadi 1893. Yaani binti wa Ilesa alienda kuandika historia ya mji uliowateka wazee wake. Na aliiandika kama mwanahistoria. Hakuandika kama mtu anayelipa kisasi. Sisi hapa hatuwezi kusoma tweet ya mtu wa kabila lingine bila kutukanana, kwa hivyo hebu tulia kidogo na hiyo.

Sasa angalia mahali alipokuwa. Profesa mkubwa wa historia pale Oxford enzi hizo alikuwa Hugh Trevor-Roper. Mwaka 1963, kwenye mihadhara iliyopeperushwa na televisheni, huyu mzee alisema labda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, lakini kwa sasa haipo. Iliyopo ni ya Wazungu walio Afrika, na hiyo nyingine yote ni giza. Mwaka uliofuata, 1964, chuo hicho hicho kilimpa Bolanle Awe udaktari kwa kuandika historia ya kitu ambacho profesa wao alisema ni giza. Sina haja ya kuongeza chumvi hapo.

Lakini tusidanganyane, Trevor-Roper hakuwa mjinga tu aliyeamka vibaya. Alikuwa anasema kwa sauti kile ambacho wengi waliamini kimyakimya: historia ni karatasi. Barua, mikataba, vitabu vya hesabu, ripoti. Kama babu zako hawakuandika, hauna ushahidi, na kama hauna ushahidi hauna historia. Hapa kwetu, Profesa Bethwell Ogot alipigana vita hivyo hivyo London, akitetea haki ya kutumia masimulizi ya wazee kuandika historia ya Wajaluo. Kitabu chake kilitoka 1967. Kule Ibadan, Kenneth Dike na wenzake walishaanza kuonyesha kwamba unaweza kuandika historia ya Mwafrika ukiwa umesimama upande wa Mwafrika. Awe alijiunga na Chuo Kikuu cha Ibadan kama mhadhiri mwaka 1960, na anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza kuajiriwa mhadhiri kwenye chuo kikuu cha Nigeria.

Wanaume hawa walikuwa wameshafungua mlango wa masimulizi ya wazee. Awe aliingia kwa huo mlango, halafu akauliza swali ambalo lilikuwa limeachwa: hao wazee wanaoulizwa, mbona karibu wote ni wanaume?

Hapa ndipo tunafika kwa oriki.

Oriki ni sifa. Mtu ana oriki yake, ukoo una oriki yake, mji una oriki yake. Kama umeshawahi kukaa kwa sherehe ya Wajaluo ukaskia pakruok, mtu anasimama, anajisifu, anasifu kwao, watu wanashangilia, basi uko karibu kuelewa. Tofauti ni kwamba kwa Wayoruba, wanaozijua sana na kuziimba ni wanawake. Mama anamwimbia mtoto asubuhi. Wake walioolewa kwa boma wanajifunza sifa za ukoo wa mume, na wanazitoa harusini na matangani. Ndani ya hizo sifa kuna majina ya watu, vita, madeni, tabia, safari, nani alimkimbia nani. Kwa karne nzima wageni walizisikia wakaona ni kelele za wamama.

Mwaka 1974 Awe alichapisha makala kwenye jarida la kitaaluma, akisema wazi kwamba oriki inaweza kutumika kama data ya historia. Ukifikiria, hiyo ni kauli nzito. Ina maana yule mama asiyejua kusoma, anayeimba akiosha mtoto, ameshika hati. Ina maana ukienda kumtafuta mkuu wa vita wa Ibadan kwenye faili ya mkoloni utapata tarehe alipotia sahihi mkataba, lakini ukimtafuta kwenye oriki utapata vile watu wake walimwogopa, na kwa nini.

Na hapa nataka usikize vizuri, kwa sababu ndio mahali watu wa mtandao tunapenda kuruka. Awe hakusema oriki ni ukweli mtupu. Ni sifa, na sifa hutia chumvi. Haina tarehe. Inaruka kutoka kwa babu hadi mjukuu bila kukuonya. Mtu aliyelipa vizuri huimbwa vizuri. Kwa hivyo unaichukua, unaiweka kando ya barua, kando ya ripoti, kando ya masimulizi ya ukoo mwingine, halafu unauliza inakubaliana wapi na inagombana wapi. Hiyo ni kazi ya miaka. Sio video ya sekunde sitini yenye muziki wa huzuni nyuma, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayelipa kodi ya nyumba na video za sekunde sitini.

Mfano unaonishika zaidi ni wa Efunsetan Aniwura.

Kwa miji ya Wayoruba kulikuwa na cheo kinaitwa Iyalode. Huyo ndiye mkubwa wa wanawake, anayewasemea mbele ya machifu, na Ibadan alikuwa na kiti kwenye baraza lenyewe. Awe aliandika makala maarufu kuhusu cheo hicho mwaka 1977, akionyesha kwamba haikuwa pambo. Kilikuwa na nguvu ya kisiasa ya kweli, na ukoloni ulikuja ukajenga serikali bila kumwekea Iyalode nafasi ya maana.

Efunsetan alikuwa Iyalode wa Ibadan kwenye karne ya 19. Alikuwa mfanyabiashara tajiri ajabu. Alikuwa na mashamba, alikuwa na watumwa wengi, na alikuwa akiwapa wakuu wa vita silaha kwa mkopo. Mwaka 1874 kiongozi wa Ibadan, Aare Latoosa, alimvua cheo, na muda mfupi baadaye akauawa usiku ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa muulize mtu wa kawaida Nigeria Efunsetan alikuwa nani. Wengi wanamjua kutoka kwa tamthilia ya Akinwumi Isola iliyochapishwa 1970, ambayo baadaye iliigizwa mbele ya umati na kuwa filamu. Ndani yake Efunsetan ni jini. Binti yake wa pekee anafariki akijifungua, uchungu unamgeuza, anapiga marufuku watumwa wake kupata watoto, na anaua wanaokaidi. Ni tamthilia kali. Watu waliipenda. Na ikawa ndiyo historia.

Awe alirudi nyuma ya tamthilia. Kwenye kitabu alichohariri mwaka 1992, kinachohusu wanawake wa Nigeria katika historia, sura ya Efunsetan aliiandika yeye mwenyewe. Na ukifuata njia yake unakutana na kitu cha kushangaza. Samuel Johnson, yule mchungaji aliyeandika historia kubwa ya Wayoruba iliyochapishwa 1921, anaorodhesha makosa ambayo Latoosa alimshtaki nayo. Yalikuwa matatu. Moja, hakuandamana naye vitani. Mbili, hakumtumia vifaa wakati wa vita. Tatu, hakutoka nje ya ukuta wa mji kumlaki na kumpongeza aliporudi.

Soma tena hizo tatu. Kwa mashtaka rasmi, hakuna mtumwa aliyetajwa. Kesi ilikuwa ya mwanamke tajiri ambaye alichoka kukopesha vita visivyoisha, wakati wanaodaiwa hawalipi, na aliyekataa kumpigia makofi mkubwa akirudi. Latoosa alikuwa mtu wa vita na alitaka vita zaidi. Alikufa kambini mwaka 1885, Kiriji bado ikiendelea. Ugomvi wao ulikuwa wa siasa na pesa. Lakini siasa na pesa ni vitu vya wanaume kwenye hadithi zetu, kwa hivyo mwanamke akipatikana hapo inabidi atafutiwe sababu nyingine: alikosa mtoto, akili ikaruka.

Ungedhani sasa Awe anamgeuza Efunsetan kuwa malkia wa kubandika kwa tisheti. Hapana. Utumwa wake uko hapo. Ukali wake uko hapo. Kufiwa na binti kuko hapo. Awe anakataa tu uchungu wa mama uwe jibu la kila swali. Mwanamke mwenye mamlaka anaweza kuwa mkatili, na bado akawa ameondolewa kwa sababu za kisiasa. Wanaume tunawaruhusu kuwa hivyo kila siku. Hakuna anayesema Latoosa alipigana kwa sababu ya uchungu wa kufiwa.

Rudi kwa Wangu sasa. Kuna wanaosema shida ilikuwa nguo ilianguka. Kuna wanaosema shida ilikuwa aliingia kwenye kibata, ngoma ya mashujaa wa kiume, mahali mwanamke hakutakiwa kuingia. Hayo ni mashtaka mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la mwili. La pili ni la mamlaka. Na sisi tumechagua kukumbuka lile la mwili. Tena kama Efunsetan, Wangu hakuwa malaika. Alikuwa anafanyia mkoloni kazi. Hiyo pia inafaa kuingia kwa hadithi, na haiingii kwa sababu tunacheka sana kuhusu uchi hadi hatufiki kwa kodi.

Kuna sehemu ya pili ya maisha ya Awe ambayo haina drama lakini naona ndiyo iliyobeba kila kitu. Alijua kwamba kuandika peke yako hakutoshi. Ukiandika makala nzuri halafu ustaafu, kijana anayekuja nyuma yako anaanza tena sifuri. Kwa hivyo alienda kwenye ofisi. Aliongoza Taasisi ya Taaluma za Kiafrika pale Ibadan kuanzia 1983 hadi 1991. Mwaka 1987 akiwa hapo, yeye na wanawake wenzake walianzisha WORDOC, kituo cha utafiti na kuhifadhi nyaraka kuhusu wanawake. Ukisikia hivyo inakaa boring. Makabati, rafu, majarida, semina. Lakini fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka kuandika kuhusu wauzaji wa soko la Ibadan. Kabla ya hapo, angeambiwa hakuna kitu. Baada ya hapo kuna chumba chenye mlango, na ndani kuna karatasi.

Serikali ya kijeshi ya Babangida ilipounda tume ya kitaifa ya wanawake, Awe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Tume ikajikuta inagongana na Better Life, mradi mkubwa wa mke wa rais, Maryam Babangida, uliokuwa na kamera na pesa zote. Kufikia 1992 Awe alikuwa ametoka. Ukiwa Mkenya hiyo stori huhitaji kutafsiriwa. Alishika pia nafasi ya pro-chansela wa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, yaani mkuu wa baraza linalosimamia chuo.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, wewe mwenyewe uliacha chuo, sasa unatusifia profesa wa Oxford? Ndiyo, namsifia. Kuna wimbi la watu wa umri wangu wanaouza ile maneno ya shule ni utapeli. Mimi sikuacha chuo kwa sababu ni utapeli. Niliacha kwa sababu pesa ziliisha. Hizo ni shida mbili tofauti, na mtu akizichanganya anakuuzia kitu. Awe alitumia digrii yake kufanya jambo ambalo wasomi wengi huogopa: alienda nayo kwa mama asiye na digrii, akamwambia unachokijua ni elimu, naomba nikae nikisikilize, halafu akafanya kazi ngumu ya kukipima. Kupima ndio shule. Jengo likikushinda, bado unaweza kupima.

Na tuna haraka. Nairobi sote tunakutana nje ya Archives. Deti, mat, kudai deni, ni hapo Moi Avenue. Wachache wetu tumeingia ndani. Ukiingia kwa nyaraka za ukoloni, nyingi ziliandikwa na DC na watu wake, kwa hivyo utapata bibi yako kama nambari ya kodi au kama fujo. Na hata karatasi zenyewe si mwaminifu vile Trevor-Roper alidhani: mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiendelea London, ilibainika Uingereza ilikuwa imeficha karibu faili 1,500 ilizobeba kutoka Kenya. Karatasi huhepa. Karatasi huchomwa. Shosho naye anazeeka.

Kwa hivyo wikendi ukienda ocha, beba simu na umuombe ruhusa kwanza, kwa heshima, na akikataa wacha. Akikubali, usimuulize tu akuimbie. Muulize alifunzwa huo wimbo na nani. Muulize uliimbwa lini, harusi ama matanga, na nani hakuruhusiwa kuwa hapo. Muulize ni mwanamke gani wa kijiji watu wanamcheka hadi leo, halafu uulize huyo mwanamke alikuwa anadai nani pesa. Kisha nenda kwa boma la pili uulize hayo hayo, uone wanagombana wapi. Andika tarehe, andika jina la aliyesema kama amekubali, na uweke nakala mbili, kwa sababu simu huibiwa.

Ukimaliza, niambie hapa chini: kwenu ni mwanamke gani anakumbukwa kwa kitu kimoja cha aibu? Usiniandikie aibu, hiyo tunaijua. Niandikie jina lake na kazi aliyokuwa anafanya.